Maumivu ya Mwezini na Mazoezi ya Mwili

Liko jambo ambalo katika nyumba nyingi za Matambarale, na katika vijiji vya Ruangwa na Nachingwea, hunenwa kwa kunong'ona tu, nalo ni maumivu wayapatayo wanawali wakiwa mwezini. Mama humnong'oneza shangazi, shangazi humnong'oneza bibi, na baba huondoka barazani akajifanya hasikii. Sisi tufundishao watu nasi tumefanya vivyo hivyo. Walakini aibu ya wazee haimponyi mtoto. Kwa hiyo tumeona vema tulinene leo kwa maneno ya adabu, ili baba, mama na mwalimu walisome pamoja.

Twamjua binti mmoja wa darasa la saba ambaye kila mwezi alikosa shule siku mbili. Mwalimu wake, asiyeambiwa neno, aliandika katika daftari kwamba ni mtoro. Bibi yake alimwamuru alale ndani, asiguse mchi wala asiende kucheza na wenziwe. Basi alilala amejikunja mkekani, maumivu hayaondoki, na hesabu zilikwenda mbele bila yeye. Siku mbili kila mwezi, kwa miezi kumi ya masomo, ni siku 20. Mtoto gani akose siku 20 asirudi nyuma?

Yafaa kwanza tujue asili ya maumivu hayo, ambayo watu wengi huyaita chango. Mji wa mimba ni msuli. Kila mwezi ngozi laini ya ndani yake hujitayarisha kupokea mimba, na mimba isipoingia, ngozi ile hubanduka ikatoka pamoja na damu. Ili kuitoa, mwili hutengeneza kitu kiitwacho prostaglandini, ambacho huubana msuli ule. Kikizidi, msuli hujibana mno, damu haipiti vema ndani yake, nao huuma. Maumivu huanza damu inapoanza au kitambo kidogo kabla, hushika chini ya kitovu, hushuka kiunoni na mapajani, na kwa kawaida hutulia baada ya siku mbili au tatu. Wengine hutapika, wengine huharisha. Basi si uchawi, si adhabu, wala si uvivu.

Sasa tuje kwa dawa isiyonunuliwa. Mwaka 2019 wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kupima majaribio ya matibabu, walikusanya majaribio 12 yaliyohusu wanawake 854. Waliona kwamba mazoezi ya mwili, dakika 45 hata 60 kila mara, mara tatu au zaidi kwa juma, yaelekea kupunguza maumivu ya mwezini kwa kiasi ambacho mwanamke mwenyewe hukitambua. Wataalamu hao walisema wazi kwamba majaribio yenyewe hayakuwa imara sana. Lakini mazoezi hayana gharama, na kwa mwili wenye afya hayana madhara. Kwa nini basi tumlaze binti siku nzima?

Mzazi ataturudi: "Binti zetu hulima, hutwanga, huchota maji, huokota korosho. Hayo si mazoezi?" Swali hili ni la haki. Ni kweli, kazi huutia mwili nguvu. Lakini binti abebaye ndoo kichwani kutoka mbali huku kiuno kinamwuma, huyo ametwikwa mzigo, hakufanya mazoezi. Katika mazoezi mtu huchagua kiasi chake, huvuta pumzi vema, na akichoka hupumzika. Kwa hiyo mtu asiyashike maneno yetu kuwa ruhusa ya kumwongezea binti jembe. Ampunguzie ndoo, ampe kamba aruke.

Mazoezi yenyewe ni haya. Katika siku za kawaida, binti na atembee kwa haraka, aruke kamba, acheze rede au netiboli, au acheze ngoma na wenziwe. Na aanze kidogo, kisha aongeze polepole hata afikie muda tulioutaja. Asingoje siku ya maumivu, maana faida huja kwa kuzoea. Asitazamie nafuu mwezi wa kwanza. Ajaribu miezi miwili au mitatu.

Siku ya maumivu yenyewe, akiweza, atembee taratibu. Kisha atandike mkeka. Alale chali, avute magoti yote mawili kifuani, ayashike kwa mikono na kupumua polepole. Halafu apige magoti, akalie visigino, ainame hata paji la uso liguse mkeka, mikono ameinyosha mbele. Baadaye asimame kwa mikono na magoti, apinde mgongo juu kama paka aamkaye, kisha aushushe. Arudie mara kadhaa bila kujilazimisha. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vema na kuviringwa kwa kanga, ikiwekwa chini ya kitovu husaidia pia. Ikiwa bado yauma, iko dawa iitwayo ibuprofeni, lakini kwanza aulize zahanati, hasa mwenye vidonda vya tumbo.

Tena yako maumivu yasiyofaa kungoja mazoezi. Binti apelekwe hospitali ikiwa maumivu yazidi mwaka hata mwaka, au huja hata asipokuwa mwezini. Ikiwa damu ni nyingi mno, au siku zake zapita saba. Ikiwa ana homa, au uchafu wenye harufu mbaya, au huzimia. Uko ugonjwa uitwao endometriosisi, ambao Shirika la Afya Duniani lasema huwapata kama wanawake 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Wengi wao waliambiwa miaka mingi, "Vumilia, ndivyo tulivyo wanawake."

Katika nchi hii ya kusini unyago ni shule ya kale ya mwanamwali. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, hakuzifuta desturi za jando na unyago, bali alizitengeneza ziwafae Wakristo. Basi nasi twaweza kufanya vivyo. Kungwi amfundishaye binti namna ya kujisitiri, na amfundishe pia namna ya kunyosha viungo, na dalili za kumpeleka hospitali.

Nanyi walimu, kabla ya kuandika "mtoro", mwulizeni mwalimu wa kike, naye amwulize mtoto faraghani. Mpeni nafasi ya kusimama na kutembea kidogo, na choo chenye maji na mlango.

Yule binti tuliyemtaja, shangazi yake alimnunulia kamba, na mama yake alimwondolea ndoo ya jioni. Maumivu hayakwisha. Yalipungua, na mwezi wa nne alikosa siku moja tu. Bibi yake hunung'unika bado, lakini jioni hukaa barazani akimhesabia miruko.