Thibitisha bila kufichua: nani analipia vifaa vya kulinda siri zako?

Unaingia kwenye jengo la ofisi mjini. Askari wa getini anakupatia kitabu: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Unaandika chini ya watu kumi na wanne waliokutangulia, na maelezo yao yote unayaona. Wewe nawe, atakayekuja baadaye atayaona yako.

Nambari hizi zikishatoka mkononi mwako, huwezi kuzifuata. Mwaka wa 2021 Wakenya wengi walishtuka kupata wameandikishwa katika vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Hatusemi maelezo yao yalitoka kwenye vitabu vya getini. Tunasema tu kwamba tunagawa mengi kuliko yanayohitajika.

Je, kuna njia ya kuthibitisha jambo bila kutoa maelezo yenyewe? Iko. Inaitwa uthibitisho usiofichua siri, kwa kifupi ZK. Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff waliueleza mwaka wa 1985. Hiyo ni miaka 40 au zaidi sasa. Mbona basi bado tunaandika kwenye kitabu? Sehemu kubwa ya jibu ni vifaa vya waandishi wa programu, na pesa za kuvitengeneza.

Kwanza, inafanyaje kazi?

Tuseme rafiki yako anadai anaweza kutofautisha chai ya chupa mbili kwa kuonja tu. Wewe huoni tofauti yoyote. Hebu mjaribu: jifiche, rusha shilingi, mimina kikombe kutoka chupa moja, kisha mwulize imetoka chupa gani. Akipata mara moja, huenda amebahatisha. Akipata mara 20 mfululizo, uwezekano kwamba alikuwa anabahatisha ni chini ya mmoja kwa milioni. Sasa unamwamini, na bado hujui anatofautisha vipi. Siri yake imebaki kwake.

Kwenye simu, swali kama “je, una miaka 18?” hugeuzwa kuwa milinganyo ya hesabu. Simu yako inaitatua kwa kutumia kitambulisho cha kidijitali kilichotiwa sahihi na aliyekitoa, kisha inatoa uthibitisho. Anayeuliza anapata “ndiyo” tu. Haoni jina, haoni tarehe ya kuzaliwa.

Shida iko wapi?

Shida ni kuandika hiyo milinganyo. Programu ya kawaida ikikosea, mara nyingi utaona: itakwama au italeta jibu la ajabu. Programu ya ZK inaweza kufanya kazi vizuri kila siku huku ikiwa na tundu ambalo hakuna anayeliona.

Mfano halisi ni wa Oktoba 2019. Tornado Cash, huduma ya sarafu za kidijitali kwenye mtandao wa Ethereum (ambayo Marekani iliiwekea vikwazo mwaka wa 2022 kwa sababu nyingine kabisa), ilitumia maktaba ya programu iliyoandikwa kwa lugha iitwayo Circom. Katika Circom, alama ya = inasema “andika jibu hili.” Alama ya <== inasema “andika jibu hili, na ulazimishe kwamba ni sahihi.” Mahali pamoja palikuwa na = peke yake.

Ni kama wakala anayeandika kitabuni kwamba umeweka shilingi 5,000 bila kuangalia kama pesa zimeingia. Kwa tundu hilo, mtu angeweza kughushi uthibitisho na kutoa pesa za wenzake. Bahati nzuri liligunduliwa mapema, na wenye huduma wakalazimika kulitumia wao wenyewe kuhamisha pesa mahali salama kabla mwizi hajafika.

Unaweza kulaumu aliyeandika. Sisi tunadhani swali bora ni hili: kwa nini kifaa kilimruhusu kukosea hivyo bila kumpigia kelele?

Nani anachangia?

Kifaa kizuri cha programu ni kama barabara ya kijijini. Kila mtu anapita, lakini ikifika siku ya harambee watu wanatazamana. Kampuni ikigharamia peke yake, washindani wake nao watanufaika. Ndiyo maana pesa za utafiti huu zimetoka sehemu tofauti tofauti:

- Serikali. Mwaka wa 2019 DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, lilianzisha mpango wa SIEVE. Lengo mojawapo lilikuwa vifaa vya kugeuza madai makubwa na magumu kuwa uthibitisho wa ZK.
- Watumiaji wenyewe. Sarafu ya Zcash, iliyoanza mwaka wa 2016, ilitenga kati ya Novemba 2020 na Novemba 2024 asilimia 20 ya sarafu mpya kwa maendeleo: 8 za ruzuku kwa miradi ya nje, 7 kwa kampuni iliyoianzisha na 5 kwa wakfu wake. Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza Halo 2, maktaba ambayo miradi mingine mingi iliichukua na kuiendeleza.
- Kampuni kubwa. Julai 2025 Google ilifungua kwa umma msimbo wa maktaba yake ya ZK, inayolenga mambo kama kuthibitisha umri kwa simu.

Ukiona habari kwamba mtu amepewa ruzuku ya kutengeneza lugha ya programu au kikaguzi cha makosa, usipite tu. Hiyo ndiyo pesa inayoamua kama kazi hii itabaki kwa wataalamu wachache au itafika kwa kijana anayeandika programu za simu hapa Nairobi.

ZK si dawa ya kila kitu

Unakumbuka foleni za Worldcoin mwaka wa 2023, watu wakipigwa picha za mboni za macho? Mfumo huo unatumia ZK katika kitambulisho chake. Hata hivyo serikali iliusimamisha Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data iliyokusanywa ifutwe. Funzo ni kwamba ZK hulinda unachoonyesha. Kile kilichochukuliwa kwako mwanzoni kinalindwa na sheria, na wewe mwenyewe.

Kwa sasa, fanya hivi

1. Ukiombwa kitambulisho, uliza ni cha nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako itatumiwaje.
2. Usitume picha ya kitambulisho kwa mtu usiyemjua, hata akidai anakuhakiki.
3. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata anayesema anapiga simu kutoka kwetu. Sisi hatuiombi kamwe. Mtu akikutajia teknolojia mpya ya siri halafu akuombe PIN, kata simu. Uthibitisho wa kweli hauhitaji siri yako. Hiyo ndiyo maana yake nzima.