Lango la Simu katika Mtandao wa Idara, na Sauti Zinazobakia Nje Yake

1. Utangulizi

Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi lango la simu linavyopangwa katika mtandao wa ndani wa idara, na kuonyesha kwa nini kazi hiyo yamhusu mtaalamu wa lugha sawasawa na imhusuvyo fundi. Tumezoea kuichukulia simu kama bomba: neno liingialo upande huu ndilo litokalo upande ule. Mtazamo huo hauna madhara kwa mtu anayempigia ndugu yake kumjulia hali. Lakini kwa mtafiti ambaye hana nauli ya kumfikia msemaji aliye Siyu au Vanga, na ambaye hufanya mahojiano yake kwa simu na kuyanasa kwenye kompyuta, mtazamo huo waweza kuiharibu kazi yote. Akisikia "samani" mahali alipotarajia "thamani", je, aandike kwamba msemaji huyo hana kikwamizi "th" katika lahaja yake, au aseme kwamba sauti hiyo ilipotelea njiani? Swali hili haliwezi kujibiwa na mtu asiyejua chombo chake kimepangwa namna gani.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane juu ya istilahi chache. "Lango" ni chombo kinachounganisha mitandao miwili isiyosemezana kwa lugha moja. "Kifurushi" ni fungu dogo la tarakimu lisafirishwalo pamoja na anwani ya liendako. "Kodeki" ni kanuni ya kugeuza sauti kuwa tarakimu na kuzirudisha tarakimu hizo kuwa sauti. "Itifaki" ni mapatano yanayofuatwa na vyombo vinapowasiliana. Neno "mlango" nitalitumia kwa nambari inayotenganisha shughuli moja na nyingine ndani ya chombo kimoja, na "tundu" kwa mahali pa kuchomeka waya.

2. Kazi ya lango

Simu ya mezani ya kawaida hufanya kazi kwa waya mbili zinazopitisha umeme wa takriban volti 48. Sauti ya msemaji huupandisha na kuushusha umeme huo kwa mfuatano ulio sawa na mawimbi ya sauti yenyewe. Mtandao wa kompyuta haujui mawimbi ya namna hiyo. Wenyewe hupitisha vifurushi vya tarakimu. Lango basi ni mkalimani anayesimama kati ya pande hizo mbili.

Lango huwa na matundu ya aina mbili, na kuyatofautisha ndilo jambo la kwanza. Tundu la FXS hutoa umeme na mlio. Hapo ndipo simu ya mezani inapochomekwa. Tundu la FXO hupokea umeme na mlio, kama simu yenyewe ifanyavyo. Hapo ndipo waya wa kampuni ya simu unapoingia. Anayeuchomeka waya wa kampuni katika tundu la FXS huzikutanisha nguvu mbili za umeme zinazopingana, na chombo chaweza kuungua. Yapo pia malango yanayopokea kadi za simu za mkononi badala ya waya. Haya yanavutia katika nchi kama yetu ambamo simu ya mkononi imeenea kuliko ya mezani, lakini kabla ya kuyanunua yapasa kuuliza kwanza masharti ya kampuni ya simu na ya Mamlaka ya Mawasiliano.

3. Sauti kuwa tarakimu

Wazo la kuigeuza sauti ya simu kuwa tarakimu lilibuniwa na Mwingereza Alec Reeves mwaka 1937, alipokuwa akifanya kazi Paris. Msingi wake ni mwepisi: wimbi la sauti hupimwa mara nyingi kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama nambari. Katika kodeki iitwayo G.711, iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1972, sauti hupimwa mara 8000 kwa sekunde na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Jumla yake ni kilobiti 64 kwa kila sekunde.

Idadi hiyo ya vipimo ina maana kubwa kwetu. Kanuni ya upimaji ni kwamba hatuwezi kuhifadhi mitetemo inayozidi nusu ya idadi ya vipimo. Kwa hiyo, kwa vipimo 8000, hakuna mtetemo unaozidi 4000 kwa sekunde unaoweza kupita. Kwa kweli simu ya kawaida hupitisha hata pungufu ya hapo: ni ile tu iliyo kati ya mitetemo 300 na 3400. Walioweka mipaka hiyo walitaka maneno yaeleweke kwa gharama ndogo. Hawakukusudia kuhifadhi fonetiki ya lugha yoyote.

4. Jinsi ya kulipanga lango

Kazi ya kulipanga lango yaweza kugawanywa katika hatua sita.

(a) Anwani. Lango lipewe anwani isiyobadilika katika mtandao wa ndani; tuseme 192.168.1.20, ilhali seva ya simu ni 192.168.1.10. Anwani ikiachwa ibadilike kila umeme unapokatika na kurudi, seva haitajua lango liko wapi, na simu zitakoma kuingia bila sababu inayoonekana.

(b) Kujiandikisha. Vyombo hivi hupatana kwa itifaki iitwayo SIP, ambayo toleo lake linalotumika lilitangazwa mwaka 2002, na ambayo kwa kawaida hutumia mlango 5060. Kila tundu la FXS hupewa jina na nywila, nalo hujiandikisha kwa seva kama mgeni ajitambulishavyo kwa mwenyeji. Yafaa kukumbuka kwamba SIP haibebi sauti. Kazi yake ni kuita, kuitika na kuaga tu. Sauti yenyewe hupita kwa itifaki nyingine, RTP, na kwa milango mingine. Ndiyo sababu mara nyingine simu hulia, mtu akaitika, kisha upande mmoja usisikie kitu: wito umepita, lakini milango ya sauti imefungwa na ruta au na kinga ya mtandao.

(c) Kodeki. Hapa ndipo mtaalamu wa lugha asipokosekane, nami nitalirudia jambo hili katika sehemu ya tano.

(d) Kanuni ya nambari. Lango lazima lijue ni nambari gani za ndani na zipi za nje. Nambari za simu za mkononi nchini Kenya zina tarakimu 10 na huanza kwa 0. Kwa hiyo idara yaweza kuamua kwamba kila nambari ianzayo kwa 0 itoke nje, na nambari za ndani ziwe na tarakimu tatu zianzazo kwa 2. Nambari za dharura, 999 na 112, zipewe njia ya moja kwa moja pasipo tarakimu ya kutangulia. Idara inayotumia 9 kama tarakimu ya kutokea nje iangalie sana jambo hili, maana 999 yaweza kueleweka vibaya na lango.

(e) Kipaumbele na mwangwi. Sauti haiwezi kungoja kama barua. ITU, yaani Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, hupendekeza kwamba safari ya sauti kutoka mdomo hadi sikio isizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yetu na ng'ambo yalitegemea setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ardhi. Kupanda na kushuka peke yake kulichukua kama milisekunde 240. Katika mtandao wa ndani hatuna tatizo la umbali, bali la msongamano: mtu mmoja akipakua filamu, vifurushi vya sauti hukaa foleni nyuma yake. Swichi na ruta ziamrishwe kuvitanguliza vifurushi vya sauti. Aidha, tundu la FXO lipangwe kulingana na sifa za waya wa nchi husika, la sivyo msemaji atasikia mwangwi wa maneno yake mwenyewe.

(f) Usalama. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ile ile chombo kinapofunguliwa, na mlango 5060 usiachwe wazi kwa intaneti nzima. Wako wezi ambao kazi yao ni kutafuta malango yaliyo wazi na kupiga simu za ng'ambo usiku kucha. Gharama humwangukia mwenye lango.

5. Kodeki na fonolojia

Turudi sasa kwenye kodeki. Watengenezaji wengi huweka katika lango kodeki iitwayo G.729, ya mwaka 1996, ambayo hutumia kilobiti 8 tu kwa sekunde, yaani sehemu moja ya nane ya G.711. Uchumi huo hupatikana kwa njia ya ajabu. G.729 haisafirishi wimbi la sauti. Hulichambua wimbi, hukadiria umbo la njia ya sauti kinywani mwa msemaji kwa kila milisekunde 10, kisha hupeleka makadirio hayo, na chombo cha upande wa pili huunda sauti mpya kutokana nayo. Kwa hiyo mtafiti anayepima irabu katika rekodi ya namna hiyo hapimi irabu za msemaji. Anapima maelezo ya irabu hizo yaliyotungwa na chombo.

Je, uchumi huo unahitajika ndani ya idara? Hesabu yatuonyesha kwamba hauhitajiki. Kwa kawaida sauti hukatwa katika vifurushi vya milisekunde 20, yaani vifurushi 50 kwa sekunde, na kila kifurushi hubeba anwani na maelezo ya baiti 40. Hivyo G.711 hufikia kilobiti 80, na G.729 hufikia 24. Hata simu 20 zikizungumza kwa pamoja kwa G.711, hazifiki kilobiti 2000 kwa kila upande, ilhali mtandao wa ndani wa kawaida hubeba kilobiti 100,000 au zaidi. Katika mtandao huo twaweza hata kutumia G.722, ya mwaka 1988, ambayo kwa kilobiti 64 zile zile hupitisha mitetemo kuanzia 50 hadi 7000.

Tofauti ya 3400 na 7000 si jambo dogo. Nguvu nyingi ya "s" imo juu ya mitetemo 4000. Simu ya kawaida inapoikata, kinachobaki hukaribiana sana na "f" na "th". Jozi kama "futa" na "suta", "thamani" na "samani", "dhana" na "zana" husimama juu ya tofauti hizo hizo. Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika orodha ya maneno ya mtafiti wa lahaja, muktadha haupo. Irabu zetu tano huvuka salama zaidi, ingawa kipimo cha chini cha "i" na "u" kimo karibu na mpaka wa 300 na chaweza kupotoka.

Kuna adui mwingine aliyejificha: mpango wa kutopeleka vifurushi wakati wa kimya. Lango huamua lenyewe kimya ni kipi, na sauti dhaifu huweza kuhesabiwa kuwa kimya. Walio hatarini ni "m" ya mwanzo katika "mtu" na "mkate", mpumuo unaotofautisha "paa" la nyumba na "p'aa" wa mwituni katika Kimvita, na irabu ya mwisho ya sentensi inayotamkwa chini chini. Mpango huu uzimwe kabisa.

Walakini tusijidanganye kwamba kodeki nzuri huponya kila kitu. Simu ikitoka nje kupitia tundu la FXO, sauti imekwisha kubanwa na waya wa kampuni, na lango haliwezi kurudisha kilichokwisha kutupwa. G.722 hufaa pale tu ambapo njia nzima, kutoka kwa msemaji hadi kwa mtafiti, ni ya intaneti na haipiti waya wa zamani. Palipo na haja ya fonetiki hasa, njia bora ni msemaji ajirekodi mwenyewe kwa chombo kilicho mkononi mwake, kisha apeleke faili isiyobanwa.

6. Hitimisho

Yaliyotangulia yanatuongoza kwenye mapendekezo matatu. Kwanza, idara ya lugha isimwachie fundi peke yake uamuzi wa kodeki na wa kimya. Pili, kila rekodi ya simu iandikiwe kodeki iliyotumika na njia iliyopitiwa, kama tuandikavyo umri wa msemaji na mahali pa kuzaliwa. Tatu, kabla ya utafiti kuanza, msaidizi asome katika simu ya upande wa pili orodha ya jozi tulizozitaja, bila mpangilio, na wasikilizaji waandike wanachosikia. Jozi wasiyoweza kuitenganisha katika jaribio hilo isitolewe ushahidi wowote katika utafiti. Msamiati, sarufi na masimulizi vyaweza kukusanywa kwa simu bila wasiwasi mkubwa. Fonolojia ya vikwamizi haiwezi. Lahaja kadhaa za pwani zina wasemaji wachache, na wengi wao ni wazee. Tukiandika leo kwamba sauti fulani haimo vinywani mwao, kumbe haikupita langoni mwetu, huenda asipatikane tena mtu wa kutusahihisha.