Mapigo Hamsini kwa Sekunde

Mapema mwaka 2018, watu wa nchi 25 za Ulaya walianza kuchelewa bila kujua. Saa za kwenye majiko ya umeme na zile za redio za kando ya kitanda zilibaki nyuma kidogo kidogo, tangu katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Machi, mpaka zikawa zimechelewa karibu dakika sita. Saa zenyewe zilikuwa nzima. Kosovo ilikuwa ikitumia umeme mwingi kuliko iliouzalisha, na Serbia, ambayo ilipaswa kuliziba pengo hilo, haikuliziba kwa sababu ya mgogoro wao wa kisiasa. Ugomvi wa majirani wawili wa Balkani ukasomeka jikoni Ujerumani na Uhispania.

Mimi ni mhandisi wa umeme, na kila ninapoulizwa kama umoja wa Ulaya ni wa kweli au ni wa mikutanoni tu, hukumbuka saa hizo.

Umeme wa gridi ni wa mkondo geu: huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, Ulaya kama ilivyo Tanzania na Kenya. Jenereta zote zilizoungwa pamoja huzunguka kwa mapigo mamoja, mithili ya wapiga makasia wa chombo kimoja. Matumizi yakizidi uzalishaji, chombo kizima hupunguza mwendo, na saa zinazohesabu mapigo hayo huchelewa. Mapigo yakipungua mno, mitambo hujizima yenyewe isije ikaharibika, na giza huingia. Ndiyo maana kila gridi lazima iwe na mshika mdundo, anayeamuru mtambo upi uongeze nguvu na upi upunguze.

Kwa nchi tatu za Baltiki, yaani Estonia, Latvia na Lithuania, mshika mdundo huyo alikuwa Moscow. Nchi hizi zilirudishiwa uhuru wao 1991, zikaingia Umoja wa Ulaya na NATO 2004, lakini gridi zao zilibaki katika mzunguko ulioitwa BRELL, pamoja na Urusi na Belarus. Mei 2022 ziliacha kununua umeme wa Urusi. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa kuacha kununua si kujitoa. Hazikulipia tena hata uniti moja, ila mapigo yalikuwa yale yale, na aliyeyashika angeweza kuyaachia siku yoyote aliyotaka.

Ukraine ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo ya kujitoa, tena kwa namna ambayo kila nikiisimulia mwili hunisisimka. Usiku wa kuamkia 24 Februari 2022, mafundi wake waliitenga gridi yao na zile za Urusi na Belarus kwa jaribio la siku tatu lililopangwa zamani. Saa chache baadaye makombora yakaanza kuanguka. Hawakurudi tena walikotoka. Gridi ya Ukraine na ya jirani yake Moldova zilijitegemea katikati ya vita hadi 16 Machi, zilipounganishwa na Ulaya, kazi iliyokuwa imepangiwa mwaka 2023. Kiangazi hicho Ukraine ikawauzia Wazungu wenzake umeme. Kuanzia Oktoba, vituo vyake vilipoanza kulipuliwa, umeme ukapita katika nyaya zile zile kurudi kwake.

Nchi tatu za Baltiki hazikwenda kwa kasi hiyo. Mawaziri wao wakuu walitangaza nia ya kujitoa tangu 2007. Kukawa na swali la kupita wapi, Finland au Poland. Makubaliano na Tume ya Ulaya ya kupitia Poland yalitiwa saini 2018. Likaja swali la lini. Lithuania ilitaka haraka, Estonia ikahofia gharama na umeme kukatika, na Agosti 2023 wakakutana katikati: Februari 2025. Wapo wanaouona mvutano huo kuwa ni udhaifu. Mimi siuoni hivyo. Hofu ya Estonia ilikuwa ya kweli kiufundi, na kusikilizwa kwake ndiko kulikowapa mafundi muda wa kujiandaa.

Maandalizi yenyewe yalikuwa makubwa. Gridi ndogo huyumba haraka kwa sababu haina uzito wa kutosha unaozunguka. Kwa hiyo ziliagizwa mashine tisa kubwa, tatu kila nchi, zisizochoma mafuta wala kuzalisha umeme. Kazi yake ni kuzunguka na gridi usiku na mchana, ili uzito wake uuzuie mdundo usianguke ghafla. Mradi wote uligharimu takribani euro bilioni 1.6, na robo tatu ilitoka Umoja wa Ulaya, maana yake hata mlipa kodi wa Ureno, mwisho mwingine wa bara, alichangia.

Jumamosi ya tarehe 8 Februari 2025 nchi tatu zilijitoa BRELL. Kwa zaidi ya saa 24 watu karibu milioni sita waliishi juu ya gridi iliyosimama peke yake. Jumapili alasiri ikaunganishwa na Ulaya kupitia Poland, na taa hazikuzimika.

Kinachonikosesha raha ni bahari. Tarehe 25 Desemba 2024, wiki sita kabla ya siku hiyo, kebo ya Estlink 2 kati ya Finland na Estonia, yenye uwezo wa megawati 650, ilikatika. Finland iliishuku meli ya mafuta Eagle S, yenye bendera ya Visiwa vya Cook, kwamba iliburuta nanga juu yake, na askari wake wakapanda melini. Mwezi uliofuata NATO ikaanzisha doria ya Baltic Sentry. Lakini Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki iliitupa kesi ya maofisa wa meli hiyo, kwa kuwa tukio lilitokea nje ya mipaka ya bahari ya Finland, hivyo mahakama haikuwa na mamlaka. Kebo ilikuwa imetengenezwa tangu Juni. Sheria ya kumshika anayeikata ingali na tundu lile lile.

Na kebo hizo za baharini husafirisha umeme tu. Mapigo hayapiti humo, kwa sababu ni za mkondo mnyoofu, usioenda na kurudi. Mapigo ya Ulaya huzifikia nchi tatu hizo kwa laini moja ya nchi kavu, kutoka Ełk nchini Poland hadi Alytus nchini Lithuania. Lithuania ilianza kuiwekea walinzi wenye silaha kabla hata swichi haijawashwa.