Upinde wa Aota: Kasoro Adimu za Kuzaliwa na Namna Zinavyorekebishwa

Mtoto aliyezaliwa salama huko Temeke au Kinondoni, akalia kwa nguvu na kunyonya vyema, mara nyingi hurejea nyumbani na mama yake baada ya siku moja. Kwa watoto wachache, hata hivyo, mambo hubadilika kabla ya wiki mbili kupita. Mtoto huacha kunyonya, hupumua harakaharaka, hutokwa jasho, na miguu yake huwa baridi. Wazazi hudhani ni kichomi. Kumbe huenda kasoro imo katika mshipa mkuu wa damu, nayo ilikuwamo tangu tumboni.

Upinde na kasoro zake

Damu yenye oksijeni hutoka katika ventrikali ya kushoto ya moyo na kuingia katika aota. Aota hupanda, hujipinda mfano wa mpini wa bakora, kisha huteremka kuelekea tumboni. Kwenye pindo hilo, liitwalo upinde wa aota, ndipo zinapochipuka ateri za kichwa na mikono. Sehemu iteremkayo hulisha figo, matumbo na miguu.

Upinde huu hutokana na jozi kadhaa za mipinde midogo ya kiinitete, ambayo baadhi yake hukua na mingine hutoweka. Utaratibu huo ukivurugika, hutokea kasoro. Ya kwanza ni mbano wa aota, ambapo mshipa huwa mwembamba mahali pamoja. Hupatikana kwa watoto wapatao 4 katika kila 10,000 wanaozaliwa. Ya pili ni upinde uliokatika, ambapo kipande kizima cha mshipa hakipo. Hii ni adimu zaidi, yapata watoto 2 katika kila 100,000. Ya tatu ni upinde maradufu, unaofanya pete kuzunguka bomba la pumzi na umio, na kumfanya mtoto akorome apumuapo na apaliwe anaponyonya.

Kwa nini dalili huchelewa?

Tumboni mwa mama, mapafu ya mtoto hayafanyi kazi ya kuvuta hewa. Damu huyapita kwa njia ya mkato, yaani mfereji wa ateri, uunganishao ateri ya mapafu na aota. Mwenye upinde uliokatika hupata damu ya sehemu ya chini ya mwili kwa njia hiyo. Lakini mfereji huo huanza kujifunga katika siku chache za mwanzo baada ya kuzaliwa. Ukifunga, figo na miguu hukosa damu, na moyo huelemewa.

Mfano wa bomba la maji la mtaani Tandika unatosha kueleza mbano. Bomba likibanwa katikati, nyumba zilizo kabla ya mbano hupata maji kwa nguvu, na zilizo mbele yake hupata matone. Kanuni ya Poiseuille yaonyesha kuwa kipenyo kikipungua kwa nusu, ukinzani dhidi ya mtiririko huongezeka mara 16. Aidha, figo zikipungukiwa damu hutoa renini, nayo huanzisha mfululizo wa hatua zinazopandisha shinikizo zaidi. Ndiyo maana mwenye mbano usio mkali huweza kufika sekondari akiwa na shinikizo kubwa mikononi, maumivu ya kichwa, na miguu inayochoka upesi anapokimbia.

Matengenezo

Clarence Crafoord alirekebisha mbano wa aota mjini Stockholm mwaka 1944, na Robert Gross akafanya hivyo mjini Boston mwaka 1945. Daktari hupasua ubavu wa kushoto, hufunga mshipa kwa koleo juu na chini ya mbano, hukata sehemu nyembamba, kisha hushona ncha mbili pamoja. Kwa wagonjwa wengine, hasa wakubwa, mpira mwembamba wenye puto hupitishwa kutoka pajani hadi penye mbano, na puto likajazwa ili kuupanua. Pete ya upinde maradufu hukatwa upande ulio mdogo. Upinde uliokatika huhitaji mtambo unaofanya kazi badala ya moyo na mapafu, na mwili hupozwa ili usihitaji oksijeni nyingi. Kabla ya upasuaji, mtoto mchanga hupewa prostaglandini, dawa iwekayo mfereji wa ateri wazi.

Zamani wagonjwa wengi wa moyo wa Tanzania walipelekwa nje, hasa India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa hapo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Toka Mbagala au Tandale hadi Upanga ni safari fupi, lakini yafaa tu iwapo kasoro imetambuliwa kwa wakati.

Utambuzi wenyewe huanza kwa vidole. Mhudumu hugusa mapigo ya mkononi na ya kinenani kwa pamoja. Ya kinenani yakiwa dhaifu au yasiposikika, mtoto apelekwe kwa mtaalamu bila kungoja. Mwalimu wa biolojia naye aweza kuwaonyesha wanafunzi mapigo ya kifundo cha mkono na ya juu ya wayo, wayalinganishe. Na mwanafunzi akutwaye na shinikizo kubwa la damu apimwe mkononi na mguuni pia: kwa mtu mzima wa afya, la mguuni halipaswi kuwa dogo kuliko la mkononi.