Walioshuka Daraja Wakiimba

Jumapili ya tarehe 15 Mei, 2016, watu zaidi ya elfu 50 waliingia uwanja wa St James' Park mjini Newcastle, kaskazini mashariki ya Uingereza, kuhudhuria hitima ya timu yao. Msiba wenyewe ulikwisha tangazwa siku nne kabla, usiku wa Jumatano, pale Sunderland, majirani na mahasimu wao wa tangu na tangu, walipowafunga Everton mabao 3-0 na kwa ushindi huo wakajiokoa wao na kuwazamisha wenzao. Kwa hiyo mechi ya siku ile dhidi ya Tottenham haikuwa na uwezo wa kuongeza wala kupunguza kitu katika majaaliwa ya Newcastle United, ambayo ilikwisha shuka daraja. Aliyetazamia kusikia matusi, zomeazomea na laana juu ya kichwa cha kocha alipigwa na butwaa, kwani toka mwanzo wa mchezo hata mwisho wake umati ule uliimba jina la kocha yule yule ambaye timu ilishuka mikononi mwake, ukimsihi asiondoke. Na timu, kama kwamba imenong'onezwa siri iliyofichwa mwaka mzima, ikamfunga Tottenham, aliyekuwa akiwania nafasi ya pili, mabao 5-1, na matatu katika hayo iliyatia ikiwa na watu kumi tu, baada ya mshambuliaji wake Aleksandar Mitrović kuoneshwa kadi nyekundu.

Nimezisikia hukumu nyingi za mashabiki juu ya makocha, na nakiri kwamba zilizo nyingi hutolewa kabla shahidi wa kwanza hajakohoa. Shabiki aliyeshushwa daraja ni kadhi aliyejeruhiwa, na mwenye jeraha hutafuta wa kulipiza kwake. Tajiri wa klabu haonekani, wachezaji ni wengi na haiwezekani kuwachukia wote kwa pamoja, ila kocha yuko pale pale ukingoni mwa uwanja, peke yake, amevaa koti, kila mtu anamwona. Walakini hukumu ya St James' Park siku ile ilikuwa ya namna nyingine, nami nathubutu kuiita hukumu ya insafu, kwa sababu ilifuata kanuni ambayo watu wa pwani tunaijua vizuri katika mambo ya mirathi: mrithi hatozwi deni la marehemu kupita kile alichoachiwa.

Na Rafael Benítez aliachiwa nini? Alikabidhiwa timu tarehe 11 Machi, zikiwa zimesalia mechi kumi. Real Madrid walikuwa wamemwachisha kazi Januari ya mwaka ule ule, naye alikuwa mtu mwenye historia nzito, bingwa wa Hispania mara mbili akiwa na Valencia na bingwa wa Ulaya mwaka 2005 akiwa na Liverpool katika usiku ule wa Istanbul ambao hata wasioujua mpira wameusikia. Timu aliyoikuta ilikuwa ya 19 kati ya timu 20, imecheza mechi 28, imeshinda 6, imetoka sare 6, imefungwa 16. Mtangulizi wake, Steve McClaren, aliyeajiriwa Juni 2015, alikuwa amepewa wachezaji waliogharimu zaidi ya pauni milioni 70 kwa madirisha mawili ya usajili, miongoni mwao Georginio Wijnaldum kutoka Uholanzi na beki Chancel Mbemba, mzaliwa wa Kinshasa, ambaye kwa ajili yake tulianza kuifuatilia timu ile sisi tusio na asili wala fasili ya Newcastle. Fedha zilikuwapo, majina yalikuwapo. Kilichokosekana ni kile ambacho mvuvi yeyote angekitaja kwa neno moja, mwelekeo.

Hapa sina budi kusimama kidogo nimtetee McClaren, maana hakimu asiyemsikiliza mshitakiwa wa kwanza hawezi kumpima wa pili. Bwana yule aliitwa kocha mkuu, na katika klabu ile uchaguzi wa wachezaji wa kununuliwa haukuwa wa kocha peke yake. Kwetu maneno haya yamegeuka kwa namna ya kuchekesha: meneja wa timu katika Simba au Yanga ni mtu wa safari, vifaa na leseni za wachezaji, na hakuna shabiki anayemlaumu kwa kufungwa, meneja wa Uingereza ya zamani alikuwa mwalimu, mnunuzi na mtawala kwa pamoja, na lawama zote zilikuwa halali yake. McClaren alikuwa baina ya hao wawili, ana lawama za meneja wa Kiingereza bila ya ufunguo wa ghala. Lakini nisizidishe huruma. Baada ya kufungwa nyumbani na Bournemouth mabao 3-1 tarehe 5 Machi, alikaa karibu wiki nzima hajui kama ameachwa au amebakishwa, na mashabiki, ambao wangeweza kumwonea imani kwa fedheha ile, hawakumwombea abaki, kwa kuwa mechi 28 ni ushahidi wa kutosha.

Sasa turudi kwa mrithi. Mashitaka dhidi yake yapo, tena si haba, nami niliyasikia yakisomwa kwa ufasaha kuliko magazetini, kwenye baraza moja ya kahawa Ngamiani, Tanga, na mwendesha mashitaka alikuwa kijana fundi cherehani ambaye mpira ameusoma kama wengine walivyosoma sheria.

"Mechi nne za mwanzo, pointi moja," alisema, akinyoosha kidole kimoja ili pasiwe na shaka. "Norwich, wenzao wa mkiani, wakawafunga 3-2 katika dakika za nyongeza. Halafu tarehe 7 Mei wanakwenda Villa Park. Villa amekwisha shuka tangu Aprili, hana pa kwenda wala pa kurudi, nao wanatoka naye sare bila ya bao. Huyu ndiye mwalimu wa Istanbul, mzee wangu?"

Mzee aliyeulizwa alikuwa mtu wa Coastal Union damu na nyama, aliyeuona ubingwa wa 1988, na mwezi ule alikuwa katika eda yake mwenyewe. Msomaji wa Tanga hahitaji kukumbushwa, lakini wa mbali aelezwe: Mei ile ile ya 2016, timu zote tatu za mkoa wetu, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka kutoka Ligi Kuu kwa pamoja, na uwanja wa Mkwakwani ukabaki kama nyumba iliyotoa majeneza matatu kwa siku moja. Sikumsikia mzee yule akiitaja timu yake hata mara moja mwezi ule. Alizungumza juu ya Newcastle, kwa upole na kwa urefu, na nadhani sote tuliokuwapo tulielewa alikuwa akizungumza juu ya nini.

"Mwanangu," alimjibu fundi, "hizo nne alikuwa bado anawajua majina. Zihesabu sita zilizofuata."

Tukazihesabu. Swansea walifungwa 3-0. Manchester City walibanwa kwa sare ya 1-1. Kule Anfield, nyumbani kwa Liverpool yake ya zamani, timu ilikwenda mapumziko iko nyuma kwa mabao mawili na ikayarudisha yote mawili. Crystal Palace walifungwa 1-0 kwa mpira wa adhabu wa Andros Townsend, na katika mechi hiyo kipa Karl Darlow akaudaka mkwaju wa penalti wa Yohan Cabaye, ambaye zamani alikuwa kipenzi cha uwanja ule ule. Kisha Villa, kisha Tottenham. Mechi sita, hakufungwa hata moja, pointi 12. Mtangulizi wake alivuna 24 katika mechi 28, yaani mwendo ambao kwa msimu mzima ungefikia kama 33. Mwendo wa Benítez, ukizitia ndani hata zile nne za balaa, ni pointi 13 kwa mechi kumi, ambao kwa msimu mzima ungepita 49. Newcastle walimaliza na 37, wa 18. Sunderland walimaliza na 39 wakapona. Fundi aliposikia tofauti ya pointi mbili aliruka na kusema kwamba hizo mbili ndizo alizoziacha Villa Park, na kwa kweli hakukosea sana, ingawa kwa wingi wa mabao waliyofungwa hata hizo mbili zisingewatosha.

Jambo ambalo hesabu haikulionesha, na ambalo naamini ndilo lililoamua, ni kwamba watu wa Newcastle walikuwa wamemwona mtu anayefanya kazi. Walimwona ukingoni akielekeza kwa mikono miwili, akimrekebisha beki wakati timu inaongoza, akiandika, akihangaika kwa ajili ya klabu ambayo mkataba wake ulimruhusu kuitoroka endapo itashuka. Kwa miaka mingi tangu Mike Ashley alipoinunua klabu mwaka 2007 walikuwa wakijiona kama wapangaji katika nyumba ya babu yao, na ghafla amekuja mgeni anayefagia ua. Wimbo wa siku ile basi ulikuwa na masikio mawili ya kuulenga: la kocha, kumsihi, na la mwenye mali, kumwonya.

Msidhani hata hivyo kwamba umati ule una hekima isiyokosea, kwa maana miaka saba kabla ulikuwa umesamehe kwa mapenzi matupu. Mwaka 2009 klabu ilipokuwa inazama, Alan Shearer, mwana wa mji ule na mfungaji wake wa mabao 206, alipewa mechi nane za mwisho. Akashinda moja, akatoka sare mbili, akafungwa tano, na timu ikashuka tarehe 24 Mei kwa kufungwa 1-0, bao la kujifunga wenyewe. Angekuwa mtu mwingine angepigwa mawe. Kwa kuwa ni Shearer, deni lilifutwa bila ya daftari kufunguliwa. Na aliyekuja kuipandisha, kwa pointi 102, alikuwa Chris Hughton, mtu mkimya aliyekuwa msaidizi katika msukosuko wote ule wa kushuka. Desemba 2010 akaachishwa kazi, na mashabiki wakaghadhibika sana. Nadhani ghadhabu ile ndiyo iliyowafundisha kufungua daftari.

Majirani zao wanatupa mfano wa upande wa pili. Sunderland waliosherehekea kupona mwaka 2016 walimpata David Moyes msimu uliofuata, naye katika mwezi wa Agosti, mechi mbili tu zimechezwa, akatamka kwamba anayehofia vita vya kushuka daraja hakosei. Alisema kweli tupu. Timu ilikaa mkiani, ikashuka Aprili 2017 na mechi zimebaki, ikamaliza na pointi 24, na mwalimu akajiuzulu Mei bila ya kuimbiwa na mtu. Nimesikia wakimtetea kwamba alirithi vyombo vilivyochakaa, na ni kweli alirithi. Lakini mrithi husamehewa deni la marehemu, hasamehewi kuanua tanga pepo zingali zinavuma. Nahodha akitangaza bandarini kwamba chombo kitazama, mabaharia watamwamini, na hapo ndipo kosa lake linapoanzia.

Benítez alitia saini mkataba mpya tarehe 25 Mei, 2016, siku kumi baada ya wimbo. Mtu aliyekuwa amekaa katika kiti cha Real Madrid miezi mitano nyuma akakubali kwenda Burton na Rotherham, katika viwanja ambavyo sauti ya mchezaji anayemwita mwenzake husikika jukwaani. Mwaka mzima hatukuweza kuwaona vizuri kwenye banda la video, kwani mwenye banda haoneshi daraja la pili, na ikawa kazi ya fundi, kwa chuki yake yote, kutuletea matokeo kila Jumapili asubuhi. Tulikuwa na makiwa mawili ya kuyafuatilia, lile la mbali na letu la karibu, na la karibu lilichukua muda zaidi, maana Coastal Union hawakurudi Ligi Kuu ila msimu wa 2018.

Siku ya mwisho ya msimu ule wa daraja la pili ilikuwa tarehe 7 Mei, 2017. Newcastle, waliokwisha pata tiketi ya kurudi, waliwafunga Barnsley 3-0 na kufikisha pointi 94, lakini ubingwa haukuwa mikononi mwao, kwa kuwa Brighton, waliowapita kwa pointi moja kabla ya siku ile, walikuwa wakiongoza ugenini 1-0 na dakika zinakwisha. Katika dakika ya 89 Brighton wakarudishiwa bao na Jack Grealish, mchezo ukaisha 1-1, na kombe likasafiri kwenda kaskazini. Uwanja ulikuwa Villa Park, mwaka mmoja kamili, tarehe kwa tarehe, tangu ile sare ya bila bao.

Mzee hakusema neno. Alimtazama fundi tu. Fundi akageuza kikombe chake, akakikung'uta masimbi ya kahawa, akasema, "Haya, Villa wamelipa."