Lee na Carter, Polisi Wasioiva Chungu Kimoja

Rush Hour ni filamu ya Marekani iliyoongozwa na Brett Ratner na kuanza kuonyeshwa Septemba 1998. Kisa chake ni chepesi. Binti wa konseli wa China mjini Los Angeles anatekwa nyara, na baba yake anamwita kutoka Hong Kong Inspekta Lee, aliyekuwa akimfundisha mtoto huyo mapigano. FBI hawataki mgeni awaingilie kazi. Wanaomba polisi wa jiji wawape askari wa kumzubaisha, na anayetolewa ni James Carter, mpelelezi domokaya ambaye mkuu wake amemchoka. Lee ni Jackie Chan, Carter ni Chris Tucker. Tangu wanapokutana uwanja wa ndege, utekaji unabaki kuwa kisingizio tu. Kinachotazamwa ni hao wawili.

Kuwafunga nira moja askari wasiopatana ni mtindo wa zamani. Mwaka 1967, In the Heat of the Night ilimkutanisha mpelelezi mweusi wa Philadelphia na mkuu wa polisi mzungu wa Mississippi. 48 Hrs. ya 1982 ikamtoa mfungwa gerezani ili amsaidie polisi, na Lethal Weapon ikafuata 1987. Mtindo huu haufi kwa sababu kesi inawapa wahusika haraka na ugomvi unawapa maneno. Jipya la Rush Hour ni kwamba mmoja wa wagomvi hao husema kwa mwili.

Chan alizaliwa Hong Kong mwaka 1954. Angali mtoto aliingizwa katika shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen, akajifunza sarakasi, kuimba, kuigiza na kupigana. Alipokuwa kijana alifanya kazi za hatari nyuma ya mastaa, hata katika Enter the Dragon ya Bruce Lee, iliyotoka 1973. Aliyetunga muziki wa filamu hiyo, Lalo Schifrin, ndiye aliyetunga pia muziki wa Rush Hour. Umaarufu ulimjia Chan mwaka 1978 kwa Drunken Master, na hapo ndipo alipoachana kabisa na njia ya Bruce Lee. Bruce Lee huingia ulingoni akiwa tayari ameshinda. Steringi wa Chan huumia. Akipiga ngumi hukung'uta mkono kwa maumivu, na akizidiwa hukimbia. Hayo aliyachota kwa wachekeshaji wa sinema bubu, hasa Buster Keaton na Harold Lloyd, waliochekesha kwa kuanguka, kuning'inia na kuponea chupuchupu.

Anayetaka kuyafaidi mapigano ya Chan na aangalie vitu vilivyomo chumbani kabla ngumi ya kwanza haijarushwa. Kiti, ngazi, mlango, vyote vitatumika. Carter anapomfunga pingu Lee kwenye usukani wa gari, Lee anaung'oa na kuondoka nao ukining'inia mkononi. Kwenye baa yenye meza za pool, anamsalimia mhudumu kwa salamu aliyomsikia Carter akiitumia. Kinywani mwa Carter, ambaye ni mweusi, salamu hiyo ni ya udugu. Kinywani mwa mgeni ni tusi. Ngumi zinafumuka, fimbo za pool zinageuka silaha, na Lee anajitetea dhidi ya watu ambao hakukusudia kuwakosea. Bora zaidi ni pambano la mwishoni, kwenye maonyesho ya sanaa ya China. Mitungi ya kale ya kauri inayumba kila anapogeuka. Anaudaka mmoja, anapigwa teke. Anauzuia mwingine usianguke, anapigwa tena. Wahalifu wanapigana na Lee, na Lee anapigana na hasara. Kicheko na kipigo vinatoka katika tendo moja, na huo ni ufundi ambao wachache wanauweza.

Chan mwenyewe hakuridhika. Amewahi kusema hadharani kwamba mapigano ya filamu hiyo yalikuwa ya Kimarekani mno na kwamba vichekesho vyake hakuvielewa. Malalamiko hayo yana msingi. Mapigano aliyoyapanga mwenyewe Hong Kong, kama ya Police Story ya 1985, ni marefu na makali zaidi.

Upande wa Carter unategemea ulimi. Tucker alianzia kwenye vichekesho vya jukwaani, na kasi yake ya kuropoka humwacha nyuma hata anayekijua Kiingereza. Teke halihitaji mkalimani, lakini maneno ya Carter yanahitaji. Afrika Mashariki imekuwa na mafundi wa kazi hiyo: wasimulizi kama DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Dar es Salaam, ambao sauti zao ziliwafanya watazamaji wa vibanda umiza wazifurahie filamu za kigeni kama za kwao.

Si kila mzaha wa Carter unastahili kutafsiriwa. Mingi inawadhihaki Wachina kwa sura, chakula na lugha yao, na leo inakera kuliko inavyochekesha. Kinachoiokoa filamu ni kwamba Lee si mjinga wa hadithi: ananyamaza muda mrefu, Carter akidhani hajui Kiingereza, kumbe anasikia kila neno.

Filamu iligharimu takriban dola milioni 33 na kuingiza zaidi ya milioni 240 duniani. Ya pili, ya 2001, iliwapeleka Lee na Carter Hong Kong na Las Vegas, ikaingiza zaidi ya milioni 340. Ya tatu, ya 2007, ilipigwa Paris kwa gharama kubwa zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Majina ya waigizaji yanapoanza kupanda, runinga isizimwe. Chan ana desturi ya kuonyesha vipande vilivyoharibika wakati wa kupiga picha, desturi aliyoiokota kwenye The Cannonball Run ya 1981, ambamo naye aliigiza. Katika vipande vya Rush Hour, Tucker anashindwa tena na tena kutamka maneno machache ya Kichina, na Chan, aliyekuwa akihangaika na Kiingereza filamu nzima, anamsuta mbele ya kamera.