Mungu wa wanafalsafa na Imana wa Burundi

Mungu anayehubiriwa katika makanisa ya Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Bugarama hadi Rumonge, ana sifa zilizopangwa zamani Ulaya: ni wa milele, anajua yote, anaweza yote, na ndiye chanzo cha kila kilichopo. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas alizitetea sifa hizo kwa falsafa ya Aristotle, Mgiriki aliyeishi kabla ya Kristo. Wanafalsafa wa zama mpya walianza kwa kuzibomoa hoja hizo.

Kitabu cha David Hume kuhusu dini kilitoka 1779, baada ya kifo chake. Hume alihoji mpangilio wa dunia unathibitishaje kuwa fundi wake ni mmoja, tena mwema, na hali dunia hiyohiyo imejaa mateso. Immanuel Kant alisema mwaka 1781 kwamba akili haiwezi kuthibitisha kuwa Mungu yupo, wala kuwa hayupo. Baadaye akamrudisha kupitia maadili. Kwa Ludwig Feuerbach, mwaka 1841, binadamu huzikuza sifa zake bora kisha akaziabudu kana kwamba ni za mwingine. Mwaka 1882 Friedrich Nietzsche akaandika kwamba Mungu amekufa, maana Ulaya ilikwisha kuacha kumtegemea, ila haikutaka kukiri.

Mwaka huo una kejeli yake, kwani mwaka mmoja kabla yake jaribio la kumleta Mungu huyo Burundi lilikuwa limekwama. Mapadri wa White Fathers, shirika la Kardinali Lavigerie, walifika Rumonge 1879. Mei 1881 wawili kati yao, Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao D'Hoop, waliuawa hapo katika ugomvi na wenyeji, na misheni ikafa. Kituo cha kudumu kilipatikana 1898, Muyaga, mbali kabisa na ziwa.

Waafrika waliokuja kuandika falsafa baadaye hawakuurithi ugomvi wa Ulaya jinsi ulivyo. Wao waliuliza kama Mungu aliyeletwa, na yule ambaye wamisionari walidai kumkuta, ni mmoja.

Burundi jibu lilionekana rahisi. Imana alijulikana, na mpaka leo yumo katika majina ya watu: Hakizimana, yaani Mungu ndiye anayeponya, Habonimana, Mungu ndiye anayeona. Lakini Imana hakuwa na hekalu wala makuhani. Mwenye shida alimwendea Kiranga, roho mpatanishi kati ya watu na Imana, kupitia kubandwa, ibada ya kupagawa na roho, na ibada hiyo ndiyo wamisionari waliyoipiga vita wakiiita kazi ya shetani. Jina likachukuliwa, dini iliyolizunguka ikatupwa.

Alexis Kagame, padri wa Rwanda, aliligusa suala hili kwa upole. Katika kitabu chake cha 1956 aliyagawa yote yaliyopo katika mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, yaani mtu, kitu, mahali na wakati, na namna. Mrundi anayaelewa maneno hayo bila mkalimani. Mungu, kwa hoja ya Kagame, hayumo katika fungu lolote. Ametangulia yote, ndiye Iyakare, wa mwanzo. Pengine padri huyo hakukusudia uasi, lakini si rahisi kumlinganisha Mungu huyo na yule wa Aquinas, ambaye ndiye kuwepo kwenyewe.

Okot p'Bitek wa Uganda hakuwa na upole huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alisimulia jinsi wamisionari wa Italia, mwaka 1911, walivyowauliza wazee wa Kiacholi nani aliyewaumba. Swali halikueleweka, likageuzwa: nani aliyewafinyanga? Kwa kuwa watu huzaliwa na mama zao, wazee wakajibu kwamba hawajui. Walipobanwa zaidi, mmoja akakumbuka kwamba mtu mwenye kibyongo husemwa amefinyangwa na Rubanga, pepo anayeaminiwa kuvunja uti wa mgongo. Rubanga akawa Mungu Mwenyezi.

Okot aliwalaumu pia wasomi Waafrika, akiwemo John Mbiti wa Kenya, mchungaji wa Kianglikana aliyekusanya habari za Mungu kutoka makabila mengi ya Afrika. Alidai wanavisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili ikubalike Ulaya. Shutuma hiyo ina uzito, ila inaacha jambo moja bila jibu: Waacholi wengi Wakristo humwomba Rubanga leo, na wanayemkusudia ni Muumba, wala si pepo wa kibyongo.